Uundaji wa misuli katika kiinitete

Uundaji wa misuli katika kiinitete (pia: miojenesi, kutoka maneno ya Kigiriki yenye maana ya "musuli" na "chanzo") ni mfululizo wa hatua ambazo kwazo seli za awali zisizo na kazi maalumu hugeuka kuwa tishu inayoweza kujikaza na kulegea. Kwa binadamu huanza katika wiki ya tatu baada ya utungisho.

Mwili una aina tatu za misuli: misuli ya mifupa, ambayo mtu huiendesha kwa hiari, musuli wa moyo, na misuli laini, iliyomo katika kuta za utumbo, mishipa ya damu, kibofu na mfuko wa uzazi. Kila aina huundwa kwa njia yake. Tofauti hizo husaidia kueleza kwa nini musuli wa paja ukijeruhiwa kidogo hupona vizuri, ilhali sehemu ya moyo iliyokufa hubaki kovu.

Asili

Katika wiki ya tatu kiinitete huwa na tabaka tatu za seli: ektoderma ya nje, mesoderma ya kati na endoderma ya ndani. Karibu misuli yote hutoka katika mesoderma. Iko michache isiyofuata kanuni hiyo, kwa mfano misuli midogo inayopanua na kubana mboni ya jicho, ambayo hutoka katika ektoderma.

Katikati ya mgongo wa kiinitete hupita mrija wa neva, ambao baadaye huwa ubongo na ugwe wa neva wa mgongoni. Kando ya mrija huo mesoderma hugawanyika katika vipande vya jozi, mfano wa shanga zilizotungwa katika nyuzi mbili. Vipande hivyo huitwa somiti. Jozi ya kwanza hutokea karibu na siku ya 20, na kufikia mwisho wa wiki ya tano huwa zimetokea jozi 42 hadi 44. Sehemu ya ndani ya somiti hujenga pingili za mgongo na mbavu. Sehemu ya nje hutoa misuli pamoja na tabaka la ndani la ngozi ya mgongo.

Kuhama kwa seli

Baadhi ya seli za somiti hubaki karibu na zilipozaliwa na kuwa misuli ya mgongo. Nyingine husafiri hadi mikononi, miguuni, kwenye ulimi na kwenye kiwambo, yaani musuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo.

Kiwambo kiko chini ya mapafu, lakini seli zake za musuli hutoka katika somiti za shingo, na neva zake hutoka hukohuko: neva ya tatu, ya nne na ya tano za shingo. Kwa hiyo mtu aliyeumia vibaya sehemu ya juu ya shingo anaweza kushindwa kupumua, hata kama kifua chake hakikuguswa.

Uhamaji huo ulionyeshwa katika miaka ya 1970 kwa viinitete vya ndege. Mwanasayansi Mfaransa Nicole Le Douarin alikuwa ameanzisha mbinu ya kupandikiza seli za kware katika kiinitete cha kuku. Viini vya seli za ndege hao wawili hutofautiana vikitazamwa kwa hadubini, hivyo mtafiti huona seli zilikofika. Somiti za kware zilipopandikizwa karibu na bawa la kuku, misuli ya bawa ilikuwa ya kware, lakini mifupa na kano zilikuwa za kuku.

Hatua za kuundwa kwa misuli ya mifupa

1. Kuteuliwa: protini zinazotoka katika tishu jirani, ukiwemo mrija wa neva, huamsha jeni za musuli ndani ya seli. Seli iliyoteuliwa huitwa mioblasti.
2. Kuongezeka: mioblasti hugawanyika mara nyingi.
3. Kuungana: mioblasti huacha kugawanyika, hujipanga na kuungana kuwa mrija mmoja mrefu. Ndiyo maana uzi mmoja wa musuli una viini vingi.
4. Kukomaa: protini za aktini na miosini hupangwa kwa safu, na neva huunganishwa na uzi. Mama huanza kusikia mtoto akicheza tumboni kwa kawaida kati ya wiki ya 16 na ya 24 ya ujauzito.

Jeni zinazoongoza

Mwaka 1987 Robert Davis, Harold Weintraub na Andrew Lassar, waliofanya kazi Seattle, Marekani, walieleza jeni ya MyoD. Walipoiingiza katika seli za tishu unganishi, seli hizo ziligeuka kuwa mioblasti. Mwaka 1993 ilionekana kwamba panya wasio na MyoD wala jeni ya pili, Myf5, huzaliwa bila misuli ya mifupa na hufa mara. Ikikosekana moja tu kati ya hizo, nyingine hutosha kuwezesha misuli kuundwa.

Musuli wa moyo na misuli laini

Moyo hutokana na mesoderma ya sehemu ya mbele ya kiinitete na huanza kupiga karibu na siku ya 22. Seli zake haziungani kuwa mrija mmoja. Kila moja hubaki peke yake, ila hushikamana na jirani zake ili zipige pamoja. Misuli laini hutokana hasa na mesoderma inayozunguka utumbo na mishipa ya damu. Seli zake huweza kugawanyika hata kwa mtu mzima.

Baada ya kuzaliwa

Idadi ya nyuzi za misuli ya mifupa huwa karibu imekamilika mtoto anapozaliwa. Mazoezi na chakula bora hunenepesha zaidi nyuzi zilizopo kuliko kuongeza mpya. Hata hivyo, pembeni mwa kila uzi hubaki seli za akiba, zilizoelezwa na Alexander Mauro mwaka 1961. Uzi ukijeruhiwa, seli hizo huamka na kurudia hatua zilezile za kiinitete: huongezeka, huungana na kukomaa.

Moyo hauna akiba ya namna hiyo, na seli zake hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kugawanyika muda mfupi baada ya kuzaliwa. Kwa sababu hiyo mshtuko wa moyo huacha kovu lisiloweza kujikaza.

Akiba ya misuli ya mifupa nayo ina kikomo. Katika ugonjwa wa Duchenne, unaowapata hasa wavulana, nyuzi hukosa protini ya distrofini na kuvunjika mara kwa mara. Seli za akiba hushindwa kuendelea kuzitengeneza, na mahali pa musuli huchukuliwa na mafuta na tishu za kovu.