Mitambo ya Muziki Katika Chumba Kidogo

Nilipostaafu ualimu nilitoka katika nyumba ya shule, yenye sebule ya kutosha kuchezea ngoma, nikahamia fleti ya vyumba viwili mjini Dar es Salaam. Vitanda viliingia, vitabu viliingia kwa taabu, lakini mitambo ya muziki ilikataa. Kulikuwa na spika mbili zenye kimo cha mtoto wa darasa la kwanza, amplifaya yenye uzito wa debe la maji, mashine ya santuri, mashine ya CD, na santuri zenyewe zipatazo mia tatu. Mpwa wangu, aliyekuja kunisaidia kupanga vyombo, alisimama mlangoni mikono kiunoni akasema, "Mjomba, viuze vyote hivi. Muziki siku hizi umo katika simu."

Kijana hakukosea sana. Lakini si muziki wote uliomo katika simu. Tangu mwaka 1928, Siti binti Saad na wenzake waliposafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo zao, sauti za waimbaji wetu zimekuwa zikihifadhiwa katika sahani. Na katika miaka ya 1970 santuri nyingi za bendi zetu zilichapwa Nairobi, zikauzwa mpaka zikaisha madukani. Baadhi ya nyimbo hizo zimekwisha kurudishwa sokoni kwa njia nyingine. Baadhi hazijarudi. Katika rafu yangu zimo sahani ambazo nyimbo zake sijapata kuzisikia penginepo, na kuitupa mashine inayozisoma ni sawasawa na kuzitupa zenyewe.

Ilinilazimu basi kupunguza, lakini si kupunguza ovyo. Nilikaa chini na karatasi na kalamu, kama nilivyozoea kuwaagiza wanafunzi wa kidato cha tatu, nikajiuliza kila chombo kinafanya kazi gani, na kanuni za fizikia zinakiruhusu kupungua kiasi gani.

Amplifaya na hesabu ya wati

Nilianza na amplifaya, maana ndiyo iliyoniumiza mgongo. Nyuma yake pameandikwa wati 100. Je, chumba cha mita 3 kwa 4 kinahitaji wati ngapi? Watengenezaji wa spika hueleza ukali wa sauti itokayo spika inapopewa wati 1, ukipimwa kutoka umbali wa mita 1. Kwa spika nyingi za nyumbani kipimo hicho huwa kati ya desibeli 84 na 90. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili ni kama desibeli 60. Kwa hiyo wati moja tu, katika chumba kama changu, inatosha kumfanya jirani agonge ukuta.

Tena, desibeli hufuata logi. Ukiongeza nguvu ya umeme maradufu hupati sauti maradufu, bali unaongeza desibeli 3 tu. Tofauti kati ya amplifaya ya wati 100 na ya wati 25 ni desibeli 6. Nilikuwa nimehama na debe langu la maji kutoka kituo hadi kituo, miaka na miaka, kwa ajili ya desibeli 6 ambazo sikupata kuzitumia.

Uzito ule ulitokana na mambo mawili: transfoma kubwa yenye chuma na shaba, na mabamba ya alumini ya kupozea transista. Katika amplifaya za namna ile transista hufanya kazi kama bomba la maji lililofunguliwa nusu. Umeme unaozuiliwa hapo hugeuka joto. Hata kwa hesabu ya kinadharia, ufanisi wa mtambo wa aina hiyo hauwezi kupita asilimia 78.5, na kwa sauti ya chini hushuka mno. Amplifaya ndogo za siku hizi hufuata njia nyingine. Transista zake ama zimefunguka kabisa ama zimefungwa kabisa, zikibadilika mara laki kadhaa kwa sekunde, kisha koili na kapasita hulainisha mapigo hayo yakawa wimbi la sauti. Bomba lililofunguka kabisa halina kizuizi, na lililofungwa halipitishi kitu. Katika hali zote mbili joto ni dogo. Ufanisi hufikia asilimia 90, na mtambo mzima unaenea katika sanduku la ukubwa wa kamusi. Hapa nilipunguza bila kupoteza kitu.

Spika: hapa lazima ulipe

Kwa spika mambo ni magumu zaidi, kwani hewa haipungui kwa sababu wewe umehama. Ili sauti nene isikike, spika lazima isukume hewa nyingi, na kadiri sauti inavyozidi kuwa nene ndivyo hewa inayotakiwa inavyozidi: sauti ya hezi 40 inahitaji mwendo wa koni mara nne ya ule wa hezi 80 ili iwe na ukali ule ule. Sasa linganisha koni ya kipenyo cha sentimita 24 na ya sentimita 12. Eneo la kwanza ni mara nne ya la pili, kwa hiyo koni ndogo lazima iende mbele na nyuma mara nne zaidi kufanya kazi ile ile, na kabla ya kufika huko huwa imefikia mwisho wa uwezo wake. Isitoshe, hewa iliyofungiwa ndani ya sanduku ni springi. Sanduku likiwa dogo springi huwa ngumu, na koni hukataa kutetemeka polepole. Mwenye kuunda spika anaweza kuchagua mawili katika haya matatu: sanduku dogo, sauti nene, na sauti kali kwa umeme kidogo. La tatu lazima aliache.

Kwa bahati njema sikio lenyewe hutusaidia. Waya mnene kabisa wa gitaa la besi hutoa mitetemo 41 kwa sekunde, lakini pamoja nayo hutoa pia 82, 123, 164 na kuendelea. Spika ndogo ikizipiga hizo za juu na kuiacha ile ya chini, ubongo huijaza yenyewe nafasi iliyo wazi, na msikilizaji hudhani ameisikia noti nzima. Vilevile spika ikiwekwa karibu na ukuta, sauti nene ambayo ingetawanyika nyuma hurudishwa mbele. Katika fleti hakuna mahali pasipokuwa karibu na ukuta, kwa hiyo ufinyu wa chumba ulinirudishia sehemu ya kile ulichonipokonya. Hata hivyo sitawadanganya: ngoma haigongi tena kifuani kama zamani.

Sindano haibembelezwi

Mpwa wangu, kwa nia njema, aliniletea zawadi ya mashine ya santuri ya kisasa: kijisanduku kama cha kusafiria, chenye sindano, amplifaya na spika vyote ndani. Nilidhani shida yangu imekwisha. Kabla ya kuitumia niliazima mizani ndogo ya sonara nikapima uzito ambao sindano ile huulalia mfuo wa santuri. Nilipata gramu 5 na ushei. Sindano ya mashine yangu ya zamani hulalia gramu 2.

Tofauti hiyo si ndogo. Kanieneo, kama wanafunzi wanavyojua, ni kani kugawanywa kwa eneo, na eneo ambalo ncha ya almasi hugusana na ukuta wa mfuo ni dogo mno kiasi kwamba hata gramu 2 huufanya plastiki ile inywee kidogo na kurudi. Ukizidisha uzito, na sindano yenyewe ikiwa ngumu kupinda, kuta za mfuo huanza kukwanguliwa, na zinazotangulia kupotea ni sauti nyembamba: ukali wa tarumbeta, herufi "s" katika mdomo wa mwimbaji. Mashine za bei nafuu hutumia uzito huo kwa sababu umeme wao hutoka katika kipande cha kauri kinachopindwa, na kauri ni ngumu. Mashine nzuri hutumia sumaku ndogo inayotikiswa mbele ya koili, kwa kanuni ile ile ya Faraday inayoendesha jenereta za bwawa la Mtera. Zaidi ya hayo, spika zikiwa ndani ya sanduku moja na sindano, mtikisiko wao huirudia sindano, na sindano haijui kubagua mtikisiko wa mfuo na mtikisiko wa meza. Nilimshukuru kijana, nikamrudishia zawadi yake.

Basi mashine ya zamani ilibaki, na hapo nikafanya kosa ambalo wengi hulifanya. Niliichomeka moja kwa moja katika amplifaya mpya, mahali palipoandikwa kwa ajili ya CD. Nikasikia sauti kama ya mbu aliyefungiwa ndani ya chupa. Sababu ni kwamba mashine ya CD hutoa kiasi cha volti 2, na koili ya sindano hutoa kama milivolti 5, yaani chini mara 400. Na hata ukiikuza mara 400 bado haitalingana. Wakati wa kuchonga santuri, sauti nene hupunguzwa makusudi ili mfuo usiyumbe na kuingia katika mfuo wa jirani, na sauti nyembamba huongezwa ili zishinde mkwaruzo. Kipimo cha upunguzaji huo kilikubaliwa na wenye viwanda wa Marekani mwaka 1954, na dunia ikakifuata. Kabla ya hapo kila kampuni ilikuwa na kipimo chake. Mtambo wa kusikilizia lazima uyarudishe yote mahali pake: sauti ya hezi 20 iongezwe karibu mara kumi, na ile ya hezi 20,000 ipunguzwe karibu mara kumi. Kazi hiyo hufanywa na kikuza sauti cha awali, ambacho zamani kilikuwa ndani ya kila amplifaya na siku hizi aghalabu hakimo. Kinauzwa peke yake, nacho hakizidi ukubwa wa kiberiti cha mkaa wa jikoni, ile pakiti kubwa. Usikisahau.

Mwenye ndugu Marekani na ajihadhari pia. Mashine za kule ni za volti 120, na transfoma itarekebisha hilo. Lakini transfoma haiwezi kubadilisha mizunguko 60 ya umeme wao kuwa 50 ya umeme wetu wala kinyume chake. Mashine ambayo mota yake hufuata mizunguko ya umeme itakwenda hapa kwa sehemu tano katika sita za mwendo wake, na mwanamke ataimba kama mwanamume.

Kama una santuri za kale za mizunguko 78, zile zinazovunjika kama kigae, tunza sindano ya pili. Mfuo wake ni mpana, nao unataka ncha yenye nusu kipenyo cha sehemu kama 70 za elfu za milimita, ilhali ya santuri za baadaye ni kama 18. Ncha ndogo huzama hadi chini ya mfuo mpana ikasoma vumbi.

Upande wa CD

Kwa CD sina mengi. Iliingia sokoni mwaka 1982, na tangu mwanzo ilikusudiwa kuwa ndogo: hupima wimbi la sauti mara 44,100 kwa sekunde, na mwanga wa leza husoma vipimo hivyo bila kugusa kitu. Mashine ya DVD iliyokaa bure chini ya televisheni huisoma vizuri, kwa hiyo mashine yangu ya CD nayo niliigawa. Jambo moja tu ambalo wengi hawalijui: data hazipo upande unaong'aa bali chini kidogo tu ya maandishi, na mkwaruzo upande wa maandishi ndio wa hatari zaidi.

Nilishangaa pia nilipopima rafu. CD mia moja katika vikasha vyake zinataka urefu wa mita moja. Santuri mia moja zilizosimama wima zinaenea katika sentimita 40 hivi, ingawa ni ndefu na nzito zaidi. Ni lazima zisimame, kwani zikilazwa moja juu ya nyingine hupinda, na mbali na dirisha la jua la jioni. Pwani ongeza ukungu: maganda ya karatasi hunyonya unyevu, na kila masika huyaanika kivulini.

Spika kubwa nimezikabidhi kwa maabara ya shule niliyofundisha mwisho. Mwalimu aliyenirithi ameifungua moja, na wanafunzi wanaweka punje za mchele juu ya koni kuona mitetemo inavyozirusha. Nimewaachia na zoezi jingine. Santuri ya mizunguko 33⅓ kwa dakika hucheza dakika 22 kwa upande, na wastani wa nusu kipenyo cha mfuo ni sentimita 10: mfuo una urefu gani? (Jibu ni karibu mita 460.) Kisha chukua kipande cha karatasi ngumu, kikunje kiwe pia, pachika pini ya ushonaji katika ncha yake, uilaze polepole juu ya santuri inayozunguka. Itaimba bila umeme wowote wa amplifaya. Lakini tumieni ile iliyokwisha kuharibika, nimeiwekea alama ya msalaba kwa chaki.