Kuku nao wapewe kipande chao cha parsele

Huku Wamaza kuku wengi wanazurura. Asubuhi wanakula mboga ya jirani, mchana ni ugomvi, usiku mwizi anapita. Kwa familia ya mchimbaji hiyo ni hasara kubwa: siku shimo halitoi kitu, kuku ndiye analipa dawa ya mtoto.

Wandugu, tukate kipande kidogo, tuzungushe lupango ya mianzi, kimo cha mtu. Tukigawe mara mbili: huku kuku, kule lengalenga. Kiisha mavuno tunabadilisha, juu mavi ya kuku imeshatia udongo nguvu. Kibanda cha metre 2 kwa 2 kinatosha kuku 10 kulala. Kiinuliwe toka chini, kiwe na miti ya kulalia, na majivu makavu ya kuogea juu ya chawa.

Ba papa, neno moja tena. Merkire ya kushika dhahabu isichomwe nyumbani. Moshi wake ni sumu kwa watu, na kuku anadonoa udongo ule ule. Sumu inaweza kuingia katika mayai. Na mayai yale tunapatia watoto.