Je, Wajua? Neva Inayopeleka Habari za Tumbo Ubongoni

Inaanzia kwenye shina la ubongo, inatokea tundu lililo chini ya fuvu, kisha inashuka shingoni ikiwa imejibanza kando ya ule mshipa unaodunda ukiugusa kwa kidole. Hapo inapita kifuani, ikagawia moyo na mapafu, ikapenya kiwambo pamoja na umio na kutawanyika tumboni. Jina lake vagasi, neva ya 10 kati ya jozi 12 zinazotoka kichwani.

Wengi hudhani kazi yake ni kushusha amri: ubongo useme, tumbo litii. Kumbe karibu asilimia 80 ya nyuzi zake zinapandisha habari. Ubongo, kwa sehemu kubwa, unasikiliza tu.

Na unasikiliza nini? Mojawapo ni serotonini, kemikali ambayo ubongo nao huitumia katika mambo ya hisia na usingizi. Takriban asilimia 90 ya serotonini ya mwili hutengenezwa kwenye utumbo. Hapa ndipo wauza virutubisho wanapowapata watu, maana serotonini ya tumboni haivuki kuingia ubongoni. Ndizi inayo, ndiyo, lakini kula mkungu mzima hakukuongezei furaha kwa njia hiyo. Inachofanya serotonini ya utumbo ni kuzigusa ncha za neva zilizo jirani, vagasi ikiwemo, nazo zikapeleka taarifa juu.

Bakteria wa tumboni nao wana sauti yao. Mwaka 2011, watafiti wa Cork, Ayalandi, na wenzao wa Kanada waliwalisha panya aina moja ya bakteria wa jamii ya laktobasila. Panya wakapungua woga. Walipokatwa vagasi, bakteria wale wale hawakuleta mabadiliko hayo. Panya si mtu, lakini jaribio hilo lilionyesha njia.

Bakteria hao wanaishi kwa makombo yetu, hasa nyuzinyuzi tusizoweza kuzimeng'enya: maharage, bamia, mboga za majani, ulezi, dona. Wakizichachusha kwenye utumbo mpana hutoa asidi kama butiriki, ambayo ni chakula cha seli za ukuta wa utumbo. Ndiyo maana sembe nyeupe inanisikitisha kidogo. Pumba tunawapa kuku, bakteria wetu wanalala njaa.

Mlo pia hugusa kinga ya mwili, na kinga ikiwaka ubongo hupata habari. Aliyeugua malaria anajua: mbali na homa, hutaki kula, hutaki kuongea, hata mgeni unayempenda unatamani aondoke. Sehemu ya hali hiyo huletwa na kemikali za kinga zinazouambia ubongo upumzishe mwili. Zikiwa juu kidogo kila siku, bila ugonjwa, wanasayansi wanazihusisha na huzuni ya muda mrefu kwa baadhi ya watu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 ulifanyika mkoani Kilimanjaro, kwa wanaume 77 wenye afya. Wa vijijini waliohamia mlo wa kizungu, soseji na mkate mweupe na chipsi, kwa wiki 2 tu, damu yao ilionyesha kinga imeanza kuwaka. Wa mjini waliorudi kwenye vyakula vya asili waliona kinyume chake, vilevile waliokunywa mbege, pombe ya ndizi na ulezi, kwa wiki 1. Baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki 4 baadaye. Ila kilichopimwa ni damu, si furaha. Asije mtu akaniambia mbege ni dawa ya mawazo.

Waliopima hisia zenyewe ni mtafiti Felice Jacka na wenzake, Australia. Katika jaribio lao la mwaka 2017, watu 67 wenye sonona waligawanywa: kundi moja likasaidiwa kubadili mlo kwa wiki 12, jingine likapewa mtu wa kuzungumza nalo. Waliopata nafuu kamili walikuwa asilimia 32 upande wa mlo, 8 upande wa mazungumzo. Kundi ni dogo, na kila mmoja alijua anachopewa. Waliokuwa kwenye dawa waliendelea nazo.