«Urgence» ya mbegu ni urgence kweli?

Wenzangu, wengi kati yetu tutatumika siku moja kwenye biro ya serikali ao kwenye mradi. Kule utasikia haraka neno «urgence». Kitu kimeisha, shefu anasema «mununue leo», mutu anatumwa ku duka moja, anarudi na fakitire. Njo kununua kwa mara moja, kwa haja ya pale pale.

Si kosa kwa yenyewe. Mafuta ya gropu ya hospitali yakiisha usiku, hakuna mutu atangojea tangazo. Nyiragongo ilipopasuka tarehe 22 Mei 2021, watu wa Goma walihitaji maji palepale. Sheria namba 10/010 ya tarehe 27 Aprili 2010 juu ya soko za serikali inajua hayo: kanuni ni appel d'offres, lakini mlango wa gré à gré unabaki wazi kwa dharura kubwa, ile ambayo hakuna aliyeweza kuitazamia.

Sasa tuangalie mbegu. Huku Kivu, msimu A unaanza Septemba, msimu B Februari, na kila mtu anajua. Serviisi ya kilimo ikifika tarehe 10 Septemba bila mahindi ya kupanda, ile si urgence, ni kukosa kupanga tu. Na anayelipa ni mkulima. Kupima kama mahindi yataota kunaomba siku 7 hivi. SENASEM nayo iko na kazi yake ya kuhakikisha mbegu. Mwenye haraka anaruka yote hayo, anabeba kilicho ku depo, mara nyingine nafaka ya kula tu ndani ya gunia jipya. Isipoota, msimu umeenda.

Tena kuna kukatakata: haja moja ya mwaka inagawanywa kwa manunuzi madogo madogo ili kila moja ibaki chini ya kiwango cha mashindano. Sheria inakataza. Ukiona fakitire tatu, duka moja, wiki moja, bei karibu sawa, uliza.

Dawa yake haina uchawi: kupatana bei mapema kwa mwaka muzima, kisha kuagiza kadiri ya haja. Na kama dharura ni ya kweli, omba bei ku maduka matatu, andika sababu na tarehe, nunua kiasi cha shida ile tu (wengi wanasahau hapa: mafuta ya siku 2, si ya miezi 6). Na wakikuletea PV ya kupokea mali usaini mbele magunia hayajafika, ngoja magunia.