Punda Akiumia Ghafla, Mama Ufanye Nini?

  Huenda leo unajiuliza, afya na punda wapi na wapi? Ngoja nikueleze.

Sisi husema, punda afe mzigo ufike. Lakini mama anayeteka maji mbali na nyumbani anajua kwamba punda akifa, mzigo haufiki. Siku punda anapolala, mtungi wa lita 20 unarudi mgongoni mwa mama, na pengine mtoto anakosa shule ili asaidie kuteka. Maji yakipungua, kunawa mikono kunapungua, na kuhara kunaingia nyumbani. Kwa hivyo afya ya punda na afya ya mtoto ni majirani.

Tuchukue mfano. Ni asubuhi, mama anatoka kisimani na punda wake, mtoto wake akitembea kando. Pikipiki inapita kwa kasi. Punda anashtuka, anaruka na kuingia kwenye ua wa seng'enge. Paja limechanika, damu inatoka, naye anarusha mateke. Mama aanzie wapi?

Kwanza, aanze na mtoto. Mwondoe hapo kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu mnyama mwenye hofu na maumivu hachagui wa kumpiga. Mtoto akipigwa teke la kichwa au la tumbo, mpeleke hospitali hata kama amenyamaza kulia na anaonekana mzima. Akitapika, akisinzia ovyo, akilalamika tumbo au akikojoa damu, usisubiri hata kidogo.

Sasa mrudie punda. Usisimame nyuma yake. Simama karibu na bega lake, mshike kwa kamba ya kichwani na umsemeshe polepole kwa sauti anayoizoea. Mwondolee mzigo, hata ikibidi kukata kamba. Kama amenaswa, kata seng'enge. Usimvute punda, maana kumvuta kunazidi kuchana nyama.

Pili, zuia damu. Chukua kitambaa safi, kikunje, ukikandamize juu ya kidonda kwa dakika 10 bila kuchungulia. Damu ikipenya, ongeza kitambaa kingine juu yake. Usitoe kile cha kwanza. Ikiwa damu inaruka kwa mapigo, mshipa mkubwa umekatika. Endelea kukandamiza huku mtu mwingine akimwita daktari wa mifugo.

Damu ikishatulia, osha kidonda. Chemsha maji, yaache yapoe, kisha tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, bila kukijaza kupita kiasi, katika nusu lita ya maji. Mimina polepole mpaka mchanga na nywele zitoke. Na hapa mama, nakuomba unisikie vizuri: usipake oili ya gari, maji ya betri, mafuta ya taa, jivu wala kinyesi cha ng'ombe. Vitu hivi huunguza nyama ambayo inajaribu kupona, na vingine huingiza uchafu ndani. Kidonda kirefu, kilicho karibu na kiungo, au ambacho ngozi yake inaning'inia, kionwe na daktari siku hiyo hiyo. Kidonda kibichi hushonwa vizuri kuliko kilicholala siku mbili na kuoza. Na punda asirudi kazini kabla ya kupona, hasa kama kidonda kiko mahali ambapo kamba au matandiko hukwaruza.

Tatu, tuzungumze juu ya pepopunda. Jina lenyewe limembeba punda, wala si ajabu, kwa sababu punda na farasi hupatwa na ugonjwa huu kwa urahisi sana. Lakini hakuna pepo hapa. Ni kijidudu kinachokaa udongoni na katika kinyesi cha wanyama. Hukipenda kidonda chembamba chenye kina, mahali hewa haifiki, kama vile msumari uliochoma chini ya kwato. Dalili huja baada ya siku kadhaa au wiki, wakati mwingine kidonda chenyewe kimeshafunga. Utamwona punda amekakamaa, miguu imetanuka kama ya meza, masikio yamesimama, taya zimebana hawezi kutafuna, na ngozi nyembamba inajitokeza kwenye pembe ya jicho. Akifikia hapo, kumponya ni vigumu. Ndiyo maana punda akichomwa au akikatwa, muulize daktari wa mifugo kuhusu sindano ya pepopunda mapema.

Kijidudu hicho hicho humpata pia binadamu. Ukichomwa na msumari katika boma la punda, osha jeraha kwa sabuni uende kliniki. Mama mjamzito, hakikisha umepata chanjo ya pepopunda. Mtoto hukingwa kwa chanjo anazopewa akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Na kitovu cha mtoto mchanga kisipakwe udongo wala kinyesi cha mnyama yeyote.

Nne, kuna kuumwa kwa meno. Mbwa mwenye kichaa akimwuma punda, punda naye anaweza kupata kichaa na kukiambukiza watu. Punda aliyebadilika ghafla akawa mkali, anayejing'ata mwenyewe, anayetokwa na mate mengi au anayeyumba miguu ya nyuma, usimtie mkono mdomoni ukidhani amekwama mfupa au kijiti. Mtenge na watu, kisha umwite afisa wa mifugo. Mtu akiumwa, au mate yakiingia katika kidonda chake, osha mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo. Kichaa kikishaonyesha dalili, hakina tiba.

Tano, kuna ugonjwa usioonekana. Farasi akiumwa na tumbo hugaragara chini na kila mtu akajua. Punda huficha maumivu. Mara nyingi husimama tu, kichwa kimeinama, hali chochote. Watu husema amechoka au amekuwa mvivu, wakamchapa. Kumbe tumbo limesokota. Punda hawezi kutapika, kwa hivyo kilichokwama ndani hakina njia ya kurudi juu. Mara nyingine ni mchanga, mara nyingine ni minyoo au plastiki. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mwaka 2017, lakini plastiki nyingine bado zimejaa kwenye majalala ambako punda hujitafutia chakula.

Unavyohesabu pumzi za mtoto mwenye kikohozi, mhesabie na punda. Tazama ubavu wake kwa dakika moja anapopumzika. Punda mzima mwenye afya hupumua kati ya mara 12 na 28. Zikizidi sana, au akikataa chakula, mwondolee mzigo, mpe kivuli na maji, umwite daktari. Usimmiminie maziwa, soda, chai wala mafuta mdomoni, kwa maana huweza kuingia mapafuni na kumwua. Wala usiseme tutaona kesho kutwa. Punda asipokula, mafuta ya mwilini humiminika katika damu na kuharibu ini, na punda mnene au mwenye mimba yuko hatarini zaidi.

Mama, dharura haipigi hodi. Mjue punda wako akiwa mzima: anavyokula, anavyotembea, anavyopumua. Kagua kwato zake kila siku. Weka nambari ya simu ya afisa wa mifugo wa eneo lako mahali ambapo hata mtoto ataiona. Kama mko katika chama, wekeni akiba kidogo ya matibabu ya punda, maana kidonda cha leo hakingojei zamu ya mtu kupokea pesa.

Tukumbuke basi: mtoto kwanza, kandamiza damu, osha kwa maji ya chumvi, usipake oili wala kummiminia kitu, na punda asiyekula ni mgonjwa, si mvivu.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi chenu: Hapa kwetu watu hupaka nini kidonda cha punda, na tutaacha vipi? Nani kati yetu ana nambari ya afisa wa mifugo? Watoto wetu wamefundishwa kusimama wapi wanapokuwa na punda?

 Mtunze mtoto, mtunze na punda.