Siku Bunge la Uturuki Lilipoikatalia Marekani

Wako wanaodai kwamba Uislamu na demokrasia havipikiki chungu kimoja. Sisi tunawaelekeza Ankara, tarehe 1 Machi 2003. Siku hiyo Bunge liliombwa kuruhusu askari wa Marekani wapatao 62,000 wapitie Uturuki kwenda kuishambulia Iraki kutoka kaskazini. Hoja ililetwa na serikali ya Abdullah Gül, ambayo chama chake, chenye asili ya Kiislamu, kilikuwa na wingi mkubwa Bungeni. Nje, maelfu ya wananchi walikuwa wakiandamana kuipinga vita.

Kura 264 zilikubali, 250 zikakataa, na wabunge 19 hawakuegemea upande wowote. Waliokubali walizidi, lakini hoja ikaanguka! Katiba ilidai zaidi ya nusu ya wote waliohudhuria, yaani kura 267. Zilipungua tatu tu. Meli zenye zana za Divisheni ya Nne ya Marekani, zilizokuwa zikingoja katika bahari ya Mediterania, zikazungushwa kupitia Suez hadi Kuwait.

Mwezi Mei, Paul Wolfowitz, Naibu Waziri wa Ulinzi wa Marekani, aliwalaumu majenerali wa Uturuki kwa kutoonyesha uongozi. Lawama ya ajabu, kutoka kwa wahubiri wa demokrasia! Jeshi hilo, lililopindua serikali mwaka 1960 na 1980, safari hii liliwaachia wabunge neno la mwisho.