Rejeta ya alumini kwa pikapu kuukuu: kwanza ulizia maji (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulifuata safari ya maji ndani ya injini: pampu huyasukuma yakazunguka silinda, yakapokea joto, yakaingia kwenye rejeta, yakapita katika mirija myembamba huku upepo ukiyapoza, kisha yakarudi kuanza upya. Tulisema pia kwamba takriban theluthi moja ya nguvu iliyomo ndani ya mafuta huishia kuwa joto linalobebwa na maji hayo. Leo tunaingia kwenye swali linaloulizwa kila siku katika karakana za Migori na Homa Bay. Rejeta ya shaba iliyokuja na gari imechoka, imelehemiwa mpaka haina tena pa kulehemu. Dukani ipo ya alumini, nyepesi, inang'aa, na bei yake ni nafuu. Je, ichukuliwe?

Pikapu tunazozizungumzia zinajulikana: Toyota Hilux za injini ya dizeli ya 2L na 3L, Isuzu KB na TFR, na Peugeot 504 chache ambazo zimekataa kustaafu. Nyingi ziliunganishwa humu humu nchini, Isuzu jijini Nairobi na Peugeot mjini Mombasa. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililopita umri wa miaka 8, kwa hiyo pikapu ya rika hilo haiji tena kwa meli. Aliye nayo hana budi kuitunza, maana ndiyo inayobeba omena kutoka Mbita na Sori, viazi vitamu kutoka Kabondo, mbolea kwenda kwa wakulima wa miwa Awendo na mawe yenye dhahabu kutoka migodi ya Macalder.

Kazi hizo ni mtihani kwa rejeta. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Kisii uko karibu mita 1,700. Pikapu iliyosheheni viazi ikipanda kwenda Kisii hukokota kwa gia ya pili, injini inanguruma, na mwendo ni mdogo kiasi kwamba upepo wa mbele hausaidii kitu. Tegemeo ni feni peke yake. Isitoshe, kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka mapema. Yale yanayochemka kwa nyuzi 100 Mombasa huchemka kwa nyuzi 96 hivi Homa Bay na 94 hivi Kisii.

Kinachotuokoa ni kifuniko cha rejeta. Kile cha magari ya Kijapani chenye alama ya 0.9 hufungia maji kwa mgandamizo, na hata hapa kando ya ziwa huyafanya yasichemke mpaka yapite nyuzi 115. Mpira wake ukikatika au springi ikilegea, umepoteza nyuzi 20 nzima. Kwa hiyo kabla ya kununua rejeta, nunua kifuniko kipya chenye alama ile ile ya mtengenezaji. Tazama na mkanda wa feni, pampu ya maji na themostati. Wapo mafundi ambao dawa yao ya kwanza ni kung'oa themostati na kuitupa. Injini isiyo na themostati huchelewa kupata joto lake, hula mafuta zaidi na huchakaa haraka, na ugonjwa uliokuwa ukiichemsha unabaki pale pale. Kama rejeta inatoa mapovu mfululizo injini inapowaka, yaelekea gasketi ya hedi imeungua, na hapo rejeta mpya itakuwa fedha iliyotupwa.

Shaba na alumini

Ukizipima shaba na alumini peke yake, shaba inashinda kwa kupitisha joto. Alumini hufikia kama asilimia 60 tu ya uwezo wake. Lakini rejeta haitengenezwi kwa kipande kimoja cha shaba. Katika ile ya zamani, mirija ni ya shaba ya manjano, ambayo hupitisha joto kidogo kuliko alumini, mapezi ni ya shaba nyekundu, na vyote vimeunganishwa kwa lehemu ya risasi na bati. Lehemu hiyo hupitisha joto vibaya, na ndiyo ya kwanza kuachia gari likitikisika kwenye barabara ya kokoto.

Rejeta ya alumini huunganishwa ndani ya tanuri lenye joto la nyuzi 600 hivi, lisilo na oksijeni, na kiungo chake ni alumini pia. Joto halikutani na ukuta wa risasi njiani. Tena kwa kuwa alumini ni nyepesi, uzito wake ukiwa chini ya theluthi moja ya uzito wa shaba, mtengenezaji anaweza kutumia mirija mipana zaidi bila rejeta kuwa mzigo. Mrija mpana hugusana na mapezi kwa eneo kubwa. Ndiyo sababu rejeta ya alumini yenye safu mbili za mirija mipana inaweza kufanya kazi ya rejeta ya shaba yenye safu nne. Viwanda vikubwa vya magari vilianza kuhamia alumini katika miaka ya 1970 na 1980, na havikurudi nyuma.

Basi kwa upande wa kupoza hakuna ubishi: alumini iliyotengenezwa vizuri inatosha na kubaki. Ubishi uko kwenye uhai wake, nao unategemea kinachomiminwa ndani.

Maji ya kwetu

Alumini hujikinga kwa ngozi nyembamba ya oksidi inayojijenga yenyewe juu yake. Ngozi hiyo hudumu maji yakiwa ya wastani. Maji yakiwa na magadi mengi, inayeyuka. Yakiwa na chumvi, inatobolewa kwa vitundu vidogo kama ncha ya sindano. Shaba huvumilia zaidi maji ya namna hiyo, na ndiyo maana babu zetu walijaza rejeta kwa maji ya mto miaka nenda miaka rudi na gari likaendelea.

Sasa tazama ramani ya Homa Bay. Mlima Homa ni volkano ya kale, na miamba yake ni ya kaboneti. Karibu na Kendu Bay liko ziwa dogo la Simbi Nyaima, ambalo maji yake ni ya magadi na hayanyweki. Maji ya visima katika ukanda huo hupita kwenye miamba ya jamaa hiyo, na wenyeji wanajua jinsi sufuria ya chai inavyojenga ukoko mweupe. Ukoko huo huo hujengeka ndani ya mirija ya rejeta, huku magadi yakila alumini kimyakimya. Maji ya Ghuba ya Winam hayana chumvi, lakini huja na tope na mabaki ya gugumaji, nayo pia si ya kutia kwenye injini.

Ukitaka kujua kama rejeta ya alumini inaliwa, fungua kifuniko injini ikiwa imepoa kabisa, kamwe si ikiwa moto, na upitishe kidole chini ya mdomo wa tangi. Utelezi mweupe au wa kijivu, mzito kama uji wa wimbi uliopoa, ni alumini yako inayoyeyuka. Kutu nyekundu inatoka kwenye bloku ya chuma. Vyote viwili vinasema neno moja: ndani hakuna dawa ya kuzuia kutu.

Dawa hiyo ndiyo kulanti. Iliyo halisi ina glikoli pamoja na kemikali za kulinda metali. Ikichanganywa nusu kwa nusu na maji safi, huongeza kiwango cha kuchemka na kuzuia kutu. Rangi si ushahidi, kwa kuwa madukani kuna maji ya kijani yasiyo na chochote zaidi ya rangi. Soma lebo uone kama imetaja glikoli, na kama ni ya kuchanganywa au iko tayari. Usichanganye za aina mbili. Maji ya kuchanganyia yawe yale yaliyosafishwa yanayouzwa kwa ajili ya betri, na uangalie usije ukapewa asidi ya betri. Ukikwama, maji ya mvua yaliyokingwa baada ya bati kuoshwa na mvua ya kwanza ni afadhali kuliko ya kisima. Glikoli ni sumu yenye ladha tamu, kwa hiyo usiiache kwenye chupa ya soda watoto walipo, wala usiimwage mtoni.

Vipimo kabla ya bei

Ukishaamua, usiende dukani na jina la gari tu. Hilux za miaka tofauti zina rejeta tofauti. Nenda na ile ya zamani, au uwe na vipimo: urefu na upana wa kiini bila matangi, unene wake, mahali na kipenyo cha midomo miwili ya mipira, nafasi ya matundu ya kufungia, na upande ulipo mdomo wa kujazia. Gari la gia otomatiki linahitaji rejeta yenye kipoza mafuta ya gia kwenye tangi la chini.

Unene ndipo wanunuzi wengi wanapopunjwa. Rejeta mbili zinaweza kufanana kwa mbele kama mapacha, moja ikiwa na kiini cha milimita 16 na nyingine 26 au 32. Baadhi ya maboksi huandikwa PA16 au PA26, na tarakimu hiyo ndiyo unene. Kwa dizeli inayobeba mzigo, milimita 16 ni ya kuiacha dukani. Usikimbilie nene kupita kiasi nayo: kati ya kiini na mapanga ya feni pabaki upana wa vidole viwili hivi, na kava ya feni irudi mahali pake. Mafundi wengi huitupa kava hiyo kwa kuwa inawasumbua mikono, ilhali ndiyo inayoifanya feni ivute hewa kupitia kiini chote badala ya duara la katikati tu.

Tazama pia jinsi mapezi yalivyosongamana. Yaliyobanana sana hupoza vizuri kwenye lami safi. Huku kwetu, vumbi jekundu la Nyatike, mbegu za nyasi na wale wadudu wa ziwani wanaotanda kama moshi Mbita jioni huyaziba upesi. Chagua ya wastani, kisha uyaoshe kwa maji ya shinikizo dogo kutoka upande wa injini kwenda nje. Shinikizo kubwa la pale wanapooshea magari huyalaza mapezi ya alumini mara moja.

Matangi huja ya plastiki yaliyobanwa kwenye kiini kwa raba, au ya alumini yaliyochomelewa. Ya plastiki ni rahisi, lakini baada ya miaka ya joto hukauka na kupasuka, na gundi hailitengenezi tangi, inalichelewesha tu. Ya alumini yanatengenezeka, ila yanahitaji mashine ya kuchomea kwa gesi ya agoni na fundi anayeijua. Uliza kama yuko karibu nawe kabla hujalipa. Lehemu ya risasi aliyoizoea fundi wa rejeta za shaba haishiki kwenye alumini.

Mwisho, dai ipimwe mbele yako: midomo izibwe, hewa itiwe kwa mgandamizo wa kifuniko na usizidi hapo, kisha izamishwe kwenye pipa la maji. Povu moja tu, irudi rafuni.

Siku ya kufunga

Bloku isafishwe kwanza, maana kutu ya miaka 30 ikihamia kwenye mirija mipya utakuwa umenunua tatizo lile lile upya. Rejeta ikalie raba zake, isikazwe chuma kwa chuma.

Kuna na adui asiyeonekana, yaani umeme unaopotea njia. Pikapu kuukuu imeongezewa taa, redio na honi na mafundi tofauti, na waya wa ardhi wa injini pengine umeoza. Umeme ukikosa njia hupita kwenye maji na kuila alumini kwa miezi michache. Kuupima ni rahisi. Kabla injini haijapata joto, fungua kifuniko, washa injini na taa, gusisha waya mweusi wa mita kwenye ncha hasi ya betri na uchovye mwekundu majini bila kugusa chuma. Chini ya volti 0.1 ni salama. Ikifika 0.3, tengeneza waya za ardhi kabla ya kuendesha.

Usiiache rejeta ya zamani karakanani kama zawadi. Shaba ina bei, na baada ya serikali kusimamisha biashara ya vyuma chakavu Januari 2022 kwa sababu ya uharibifu wa nguzo za umeme, ni busara kumuuzia mwenye leseni na kuchukua risiti.

Hukumu yetu ni hii. Kama uko tayari kununua kulanti halisi, kuibadilisha kila baada ya miaka miwili na kutengeneza waya za ardhi, chukua alumini yenye kiini kinene. Itakufikisha Kisii na mzigo wako. Kama unajua dereva wako ataendelea kujaza maji ya kisima kila anaposimama, mtafute fundi akuwekee kiini kipya cha shaba kwenye matangi yako ya zamani, hata kama ni ghali zaidi. Wiki ijayo tutazungumzia pampu ya maji na mipira ya rejeta.